Anzia kwenye Gurudumu: Mjadala wa Baiskeli ya Kwendea Kazini Bariadi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Mji uliokuwa wa wilaya ukapokea ofisi za mkoa, na pamoja nazo watumishi waliopangiwa kazi kutoka kila upande wa nchi. Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, watu wa mkoa waliongezeka kutoka takriban milioni 1.6 hadi zaidi ya milioni 2.1. Mji unaokua hivyo husukuma vyumba vya kupanga vya bei nafuu pembeni, huku ofisi, shule na hospitali zikibaki zilipo. Ndipo unapozaliwa umbali wa kilomita tatu, tano, pengine nane, ambao kwa miguu unamfikisha mtu kazini amekwisha kuchoka, na kwa bodaboda unammega mshahara kidogo kidogo kila siku. Wenyeji wa hapa Usukuma wana jibu la umbali huo tangu zamani, nalo ni baiskeli. Anayehangaika ni mgeni, au kijana wa mjini ambaye hajawahi kumiliki baiskeli, anaposimama mbele ya duka bila kujua atazame nini kwanza.

Hoja yangu ni moja: anayeanza achague baiskeli kwa kuanzia kwenye gurudumu na vipuri vyake, yaani kwa kuuliza kama kitakachoharibika kitapatikana na kutengenezwa hapa Bariadi asubuhi ile ile. Gia, shokapu, rangi na nembo vifuate baadaye. Hoja hii ina wapinzani, na wapinzani hao wana sababu zao. Nimewapa nafasi ya kusema hapa: mwalimu anayenunua baiskeli yake ya kwanza, fundi aliyezeeka kwenye kazi hiyo, na muuguzi wa zamu. Ni sauti nilizozitunga ili hoja zipambane. Hakuna kati yao aliye mtu halisi.

Mwalimu: Kitu cha kisasa humrahisishia mambo mtu asiyekijua. Baiskeli ya gia ina ngazi 18 au 21. Barabara ikipanda napunguza, ikiteremka naongeza. Mbele ina shokapu, kwa hiyo mashimo ya mitaani hayatanitikisa. Fundi, wewe unataka nirudi kwenye baiskeli ya mwendo mmoja aliyopanda babu yangu. Kwa nini nitoe hela yangu kununua kilichopitwa na wakati?

Mwandishi: Swali lako ni la haki, Mwalimu, na jibu lake linaanzia kwenye ardhi unayoipita. Nchi ya Usukuma kwa sehemu kubwa ni tambarare pana yenye vilima vya mawe hapa na pale, na barabara huvizunguka vilima hivyo badala ya kuvipanda. Gia zilibuniwa kwa ajili ya mwinuko. Fanya hesabu ya baiskeli ya kawaida ya mwendo mmoja: ikiwa na meno 48 mbele na 20 nyuma, kila mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu la nyuma mara 2.4. Gurudumu la 28 husogea karibu mita 2.2 kwa mzunguko, kwa hiyo kila unyongapo mara moja unakwenda zaidi ya mita tano. Ukinyonga mara 50 kwa dakika, mwendo ambao mtu wa afya ya kawaida huumudu bila kuhema, unapata takriban kilomita 16 kwa saa. Kilomita tano zinaisha ndani ya dakika 20. Ukiona mzigo ni mzito au upepo wa mbele unakusumbua, fundi anaweza kukufungia friwili ya meno 22 badala ya 20, na miguu ikapata nafuu ya kudumu kwa gharama ya kipuri kimoja. Kwa tambarare, hiyo ndiyo gia unayoihitaji.

Tazama sasa gia zenyewe zinavyofanya kazi. Kile chuma kinachohamisha cheni kimening'inia chini, karibu na ardhi, pale vumbi la kiangazi na matope ya masika yanapokutana. Cheni yake ni nyembamba zaidi, nyaya zake hulegea, na baiskeli ikiangukia upande wa kulia mara moja tu, chuma hicho kinaweza kupinda kikaanza kuingia kwenye spoku. Gia nzuri zilizotunzwa ni msaada mkubwa kwa anayepanda milima ya Lushoto au ya Mbeya, na huko ningekushauri uzinunue. Ila ngazi 21 za bei ya chini, hapa Bariadi, ni sehemu nyingi za kuharibika ulizozilipia kwa ajili ya mlima usiokuwepo. Shokapu za bei ya chini nazo huongeza uzito na kumeza sehemu ya nguvu unayoikanyaga. Tairi nene lisilojazwa upepo kupita kiasi hupunguza mtikisiko vizuri zaidi. Usidhani kwamba mwendo mmoja ni ushamba. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipobuni baiskeli ya Buffalo kwa ajili ya barabara za vijijini Afrika, lilichagua fremu ya chuma, mwendo mmoja, breki iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na keria ya kubeba kilo 100. Wahandisi wake wangeweza kuweka gia tangu mwanzo. Waliangalia njia na mafundi waliopo, wakaziacha.

Fundi: Hapo tumeelewana. Basi maneno ya nini tena? Mwalimu, chukua Phoenix ya 28, nyeusi, breki za fimbo. Baiskeli hiyo inabeba gunia la mkaa, inabeba pamba, inabeba mama na mtoto. Itashindwa vipi kukubeba wewe na madaftari yako?

Mwandishi: Fundi, umefika mahali pazuri kwa njia ambayo sitaki mgeni aifuate akiwa amefumba macho. Nembo ni kitu cha kubandika, na jina zuri linaweza kukaa juu ya chuma kibaya. Kinachoipa nguvu baiskeli unayoisifia ni soko lililo nyuma yake. Phoenix ya Shanghai, Avon na Hero za Ludhiana kule India, zote zilifuata umbo la baiskeli za Kiingereza za aina ya Raleigh, ndiyo maana vipuri vingi vya moja hufunga kwenye nyingine. Vizazi vya wakulima wa pamba walinunua umbo hilo, wauza vipuri wakajaza maduka kwa ajili yao, na mafundi wakajifunza kwa mikono kila skrubu yake. Soko la vipuri hujengwa na walionunua kabla yako. Mgeni anayenunua baiskeli ya umbo hilo anapokea bure akiba ya ujuzi iliyokusanywa kwa miaka mingi, na anayenunua umbo geni anaikataa akiba hiyo, mara nyingi bila kujua.

Mtego mkubwa uko kwenye namba. Kwenye ubavu wa tairi huandikwa 26 au 28 kwa herufi kubwa, na mnunuzi huridhika. Namba inayotakiwa kusomwa ni ile ndogo, ya tarakimu tatu, inayotaja kwa milimita kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Baiskeli nyeusi ya zamani ya 28 ina 635. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya, ambazo nazo huitwa 28, zina 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na inatosha kabisa kuzuia tairi la hii lisikae kwenye ile. Kwa 26 hali ni mbaya zaidi: baiskeli ya umbo la milimani ina 559, na ile ya mjini kutoka Japani, yenye kikapu mbele, ina 590. Mtu ananunua baiskeli safi ya mtumba kwa bei ya kumpendeza, anaifurahia, kisha tairi linapasuka, na hapo anagundua kwamba "26" zinazouzwa mtaani kwake si zake. Baiskeli nzima inasimama ikisubiri kipande cha mpira kutoka Mwanza. Dawa yake ni nyepesi na haigharimu kitu: kabla ya kulipa, andika tarakimu zile tatu kwenye karatasi, pita kwenye maduka mawili matatu ya vipuri mjini, uliza tairi, tyubu, spoku na mpira wa breki. Vikipatikana leo, rudi ukanunue. Visipopatikana, iache hata kama inang'aa.

Muuguzi: Baba, shikamoo. Unazungumza kana kwamba sisi wote tunavaa suruali na tuna urefu wako. Hiyo 28 yako nikiikalia sifiki chini. Ina bomba la juu ambalo sketi yangu ya kazini hailivuki. Halafu mimi natoka zamu usiku. Ile ya Kijapani mnayoitilia shaka ina fremu ya chini, ina taa, ina kikapu cha mkoba wangu, na nikiikanyaga nasikia ni nyepesi. Kwa nini nikose kinachonifaa kwa sababu ya tairi?

Fundi: Marahaba, mayu. Hata 28 ziko za kike.

Mwandishi: Ziko, na bado dada huyu ana haki kubwa zaidi ya jibu hilo. Baiskeli isiyolingana na mwili ni hatari kwa anayejifunza hata kama vipuri vyake vimejaa kila kibanda. Kipimo ni hiki: simama ukiwa umeipanda bila kukalia, nyayo zote chini, kati yako na bomba la juu pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu au zaidi. Fremu ya kike inaondoa tatizo hilo, na mwanamume mfupi asione haya kuichukua. Kisha kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukihamia kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu yako inapotumika vizuri. Wanaoanza hupenda kuishusha siti mpaka nyayo zote ziguse ardhi, kwa sababu wanaogopa kuanguka. Iwe hivyo kwa siku za kujifunza, kisha ipandishwe polepole, maana magoti yanayonyonga yakiwa yamekunjwa sana huuma, na wengi huilaumu baiskeli kwa maumivu yaliyotokana na siti.

Kuhusu ile ya Kijapani, sikuitilia shaka kwa asili yake. Ikipita mtihani wa karatasi, yaani tairi za 590 zikiwa madukani siku unayonunua, ichukue, na ununue tairi moja la akiba siku hiyo hiyo ukalitundike nyumbani. Ina jambo moja ambalo ile nyeusi inalikosa, na hapa ndipo ninapoachana na fundi.

Fundi: Unataka kusema breki. Breki za fimbo hazina waya wa kukatika. Mpira ukiisha, unabadilisha kwa bei ya maji ya kunywa.

Mwandishi: Ni kweli kwamba hazikatiki, fundi, na kwa kipimo changu cha vipuri zingeshinda. Lakini kuwahi kutengenezwa hakumsaidii aliyekwisha kugongwa. Ringi ya chuma iliyopakwa kromiamu ikilowa, mpira huteleza juu yake, na umbali wa kusimama huongezeka mara kadhaa. Barabara ya lami kutoka Maswa kupita Bariadi hadi Lamadi ina malori, mabasi na bodaboda. Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, malori yanaongezeka. Anayeanza hajajua bado kukadiria umbali, na mvua ya kwanza inaweza kumkuta akiteremka kuelekea njia panda. Kwa hiyo breki ndiyo sehemu pekee ninayokubali ivunje utaratibu wangu. Kati ya baiskeli zilizopita mtihani wa gurudumu, chukua yenye breki ndani ya kitovu cha nyuma, iwe ya kukanyaga kinyume au ya mkono kama nyingi za Kijapani, kwa sababu mvua haifiki humo kwa urahisi. Usipoipata, tafuta yenye ringi za aluminiamu, ambazo mpira huzishika vizuri zaidi zikilowa. Na kama mfuko unaruhusu ile ya fimbo tu, basi mpira uliokauka ubadilishwe kabla ya masika, mwendo upunguzwe kwenye mvua, na breki ziguswe kidogo kidogo mapema ili zifute maji kabla hujazihitaji.

Pesa nayo igawanywe tangu mwanzo. Baiskeli mpya hufika dukani ndani ya boksi, huunganishwa haraka, na mara nyingi grisi ya kwenye gololi ni haba na spoku hazijakazwa sawasawa. Anayetumia shilingi yake ya mwisho kuilipia anaondoka na chombo ambacho hakijamalizika. Bakiza fedha ya fundi: afungue vitovu vyote viwili na kitovu cha pedeli, atie grisi, anyooshe ringi, akaze kila nati, na baada ya wiki chache za matumizi azikaze tena spoku kwa sababu hulegea zikizoea uzito wako. Mwiba wa mgunga na mbigili hautakusamehe, kwa hiyo mwombe akuwekee kipande cha tairi kuukuu kati ya tairi na tyubu. Kinaongeza uzito, na kinaokoa asubuhi nyingi. Kwa muuguzi, na kwa yeyote anayerudi giza limeingia, taa mbele na kiakisi chekundu nyuma vihesabiwe ndani ya bei ya baiskeli tangu siku ya kwanza.

Mwalimu: Haya yote nimeyasikia. Lakini niseme kinachosemwa ofisini kimya kimya: mtumishi akifika kazini na baiskeli, anaonekana hajafanikiwa. Na pikipiki mtu anaweza kukopeshwa. Kwa nini nisisubiri mwaka mmoja nikanunue pikipiki?

Mwandishi: Tuweke mfano wa nauli, Mwalimu, kila mtu abadilishe tarakimu kulingana na njia yake. Tuseme bodaboda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 22 za kazi: 44,000 kwa mwezi, 264,000 kwa nusu mwaka. Fedha hiyo unaitoa wakati ule ule unaposubiri pikipiki, na kwa hiyo inakurudisha nyuma katika kuinunua. Pikipiki ikija ina mafuta, oili, bima, leseni na marejesho ya mkopo, na kwa kilomita tano hukuokolea labda dakika kumi. Kwa anayekwenda Meatu au Itilima mara kwa mara kikazi, pikipiki ni ya lazima, na sitamtetea mtu wa baiskeli mbele yake. Wewe unakwenda shule iliyo mtaa wa tatu.

Kuhusu suala la heshima, sitalipita kwa haraka, kwa sababu linawazuia watu wengi kuliko bei. Hapa Usukuma baiskeli iliingia kama tunda la kazi. Pamba ilipostawi katika miaka ya 1950, na wakulima wakaunda vyama vyao vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, fedha ya mavuno ilinunua bati, ng'ombe na baiskeli. Aliyekuwa nayo alionekana amevuna. Mpaka leo utaziona baiskeli zilizopambwa kwa maua, viakisi na vitambaa, na mbio za baiskeli hukusanya watu Kanda ya Ziwa nzima, wanawake wakishindana pia. Dharau tunayoisikia ofisini ilikuja baadaye, pamoja na pikipiki za bei nafuu, na utani wa kuwacheka Wasukuma kwa baiskeli zao umeikuza. Uholanzi ilikuwa na waziri mkuu, Mark Rutte, aliyeongoza kuanzia 2010 hadi 2024 na kujulikana kwa kwenda ofisini kwa baiskeli. Hakuna aliyemhesabu maskini. Wanafunzi wako watajifunza kutoka kwako chombo gani ni cha aibu. Hilo ni somo utakalolifundisha kila asubuhi, utake usitake.

Muuguzi: Na siku ya mvua kubwa? Hapo hata fundi ananyamaza.

Mwandishi: Ananyamaza kwa sababu anaujua udongo. Kwenye luseni, ile ardhi ya mchanga, mvua ikikatika maji huzama na njia hupitika baada ya muda mfupi. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi hunyonya maji, huvimba, na hunata kwenye tairi mpaka ukajaa kati ya tairi na madigadi na gurudumu likagoma kuzunguka. Hapo hakuna baiskeli bora. Ya gia, ya fimbo na ya Kijapani zote hubebwa begani. Fundi anaweza kuyainua madigadi ili pabaki nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, na tairi lenye vinundu vifupi hubeba tope kidogo kuliko lenye vinundu virefu. Zaidi ya hapo ni suala la njia. Kati ya Novemba na Mei, mwenye makazi ng'ambo ya mbuga ahesabu kwamba ziko siku atakazotembea au kulipa nauli, na azitengee fedha mapema. Na mgeni ambaye bado anatafuta chumba na baiskeli kwa wakati mmoja, aende kwanza akaitazame njia ya kutoka kwenye chumba hicho mpaka kwenye lami, na aulize majirani udongo wake unakuwaje mwezi wa Machi. Chumba chenye kodi kubwa kidogo upande wa luseni kinaweza kumfaa kuliko cha bei rahisi ng'ambo ya mbuga, hata kabla hajagusa baiskeli yoyote dukani.